Nani Alimuuza Somoe?

Ndugu msomaji, naanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nawasengenya wenzangu. Nina mswada wa riwaya uliojaza kaunta buku mbili. Mwaka wa hadithi ni 1868. Msichana wa Kiyao, niliyempa jina la Somoe, amefungwa ndani ya jahazi linalotoka Kilwa Kivinje kwenda Unguja. Usiku inatokea manowari ya Waingereza. Kapteni Edward, kijana mrefu mwenye macho ya rangi ya maji ya kina kirefu, anarukia jahazi na upanga mkononi, anakata kamba, anambeba Somoe. Kuanzia ukurasa wa 12 ni mahaba tu.

Nilimsomea bibi yangu hapa Chiwata, jioni moja, yeye akibangua korosho. Alisikiliza kurasa kama thelathini bila kusema neno. Nilipofika pale kapteni anapomvisha Somoe koti lake, nikanyamaza kidogo, nikisubiri sifa. Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, huyu binti nani alimuuza?"

Sikuwa na jibu. Mtu huyo sikuwa nimemwandika kabisa.

Tangu siku ile nimeisoma upya miswada ya wenzangu tunaobadilishana, ile ya mapenzi ya zamani, ya kapteni na mateka, na nimekuta ugonjwa ni uleule. Hadithi inaanzia baharini. Msichana hana kijiji, hana mama, hana deni, hana mjomba. Ametoka wapi? "Bara." Amekamatwa na nani? "Waarabu." Basi, yamekwisha, twende kwenye busu. Zamani niliona ni ufupi wa kisanaa. Siku hizi naona ni woga, na ninausema hapa kwa sababu ni woga wangu pia.

Kwanza tuangalie mambo ya tarehe, maana hapo nilichemsha vibaya. Mwaka 1868 Kapteni Edward wangu hakuwa na haki ya kulikamata jahazi lile! Mkataba ambao Sayyid Said aliuwekea sahihi na Waingereza mwaka 1845, ukaanza kazi 1847, ulikataza kupeleka watumwa nje ya milki zake za Afrika. Ndani ya milki hizo, kutoka Kilwa hadi Lamu, biashara iliendelea kwa ruhusa. Ni tarehe 5 Juni 1873 ndipo Sultani Barghash alipokubali kuifunga njia ya bahari na soko la Unguja. Kabla ya hapo manowari ziliwinda zaidi huko kaskazini, kwa majahazi yanayokwenda Uarabuni na upepo wa kusi. Kwa hiyo Somoe wangu, katikati ya Kilwa na Unguja, angepita mbele ya manowari mchana kweupe, kapteni akimtazama kwa darubini, na sheria ingekuwa upande wa nahodha wa jahazi. Fikiria tukio hilo, ndugu msomaji. Mimi naona lina nguvu kuliko upanga wangu wote, lakini sikuliandika kwa sababu sikujua.

Halafu kuna fedha. Mabaharia wa Kiingereza walilipwa tuzo: paundi 5 kwa kila mtumwa aliyeokolewa, au malipo kwa tani za jahazi lililokamatwa. Kapteni George Sulivan wa manowari Daphne aliandika kitabu kizima kuhusu kuwinda majahazi, kikatoka 1873, na hakika aliona mateso na yakamuuma. Sisemi walikuwa wanafiki wote. Kapteni Charles Brownrigg wa manowari London aliuawa Desemba 1881 akifukuza jahazi karibu na Pemba. Mtu hafi hivyo kwa ajili ya paundi 5. Lakini ukiandika kapteni anamwangalia msichana aliyetoka kumkomboa, huwezi kusahau kwamba ndani ya kitabu cha hesabu cha meli yule msichana ameshaandikwa bei, kwa mara ya pili au ya tatu katika maisha yake. Kapteni anajua. Je, anamwambia? Hapo ndipo pana riwaya, siyo kwenye macho ya bluu.

Baada ya hapo? Meli haikumrudisha mtu kwao. Waliokombolewa walipelekwa Aden, Bombay, Shelisheli, Morisi, baadaye Freretown kule Mombasa, na misheni za Unguja. Wasichana waliowekwa Mbweni chini ya misheni ya UMCA walifundishwa kusoma, kushona na kazi za nyumbani, na wengi waliolewa na vijana wa Kiungani waliokuwa wakiandaliwa ualimu. Huenda wapo waliopendana kweli. Ila mtu aliyetolewa katika mkono mmoja akawekwa katika mkono mwingine, tukimwandika anasema "nakupenda" kwa aliyemtoa, lazima msomaji asikie kama deni linalipwa. Sisi tunaliandika kama wimbo.

Kuna mwenzangu alinibishia kwa hoja ya Binti Salme. "Mbona lile ni tukio la kweli," alisema, "mwanamke, usiku, manowari, kapteni?" Ni kweli, kwa nje linafanana. Agosti 1866 Salme, binti wa Sayyid Said, akiwa mja mzito kwa Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, alitoroka Unguja kwa manowari Highflyer ya Kapteni Pasley hadi Aden. Mwaka 1867 Ruete akamfuata, wakafunga ndoa, wakaenda Hamburg. Lakini hebu tazama kazi ya kapteni katika kisa hiki: ni mwenye chombo, basi. Mapenzi yako kwingine, uamuzi ni wa Salme, na hata kitabu aliandika mwenyewe, kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Hakumwachia mwanamume amsimulie.

Na kitabu hicho kinatutia kwenye shida nyingine ambayo wapenzi wa Salme hawapendi kuigusa. Salme alikuwa na mashamba na watumwa wake, na humo kitabuni anautetea utumwa wa kwao, eti haukuwa kama wa Wazungu. Mateka halisi katika maisha yake alikuwa mama yake, Jilfidan, aliyenyakuliwa akiwa mtoto mdogo huko Circassia, kwenye milima ya Kaukasi, akaishia katika nyumba ya Sayyid Said. Kwa Jilfidan hakuja kapteni yeyote. Mtu mmoja anaweza kuwa binti wa mateka, mmiliki wa watu, na mkimbizi, yote kwa pamoja. Mhusika wa namna hiyo ndiye anayetushinda sisi chipukizi. Tunataka mhusika awe mweupe kama kanga mpya.

Sasa nije kwenye kitabu ambacho naamini ndicho kilichotulea bila sisi kujua, hata kwa wasiowahi kukishika: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa na kuishi Freretown. Kijiji kinavamiwa, watu wanafungwa, wanatembezwa hadi pwani, wanapakiwa, kisha manowari ya Waingereza inatokea kama alfajiri. Wabaya wanajulikana na wema wanajulikana. Wahakiki wengi wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza na kuwabebesha Waarabu dhambi yote, na nadhani wana haki. Lakini mimi simlaumu Mbotela kama ninavyojilaumu mimi. Yeye alikuwa anasimulia habari iliyomfikia kwa watu waliotolewa chini ya jahazi wakiwa hai. Ukitolewa shimoni humwulizi anayekutoa analipwa shilingi ngapi. Sisi tuliozaliwa zaidi ya miaka mia baadaye tuna udhuru gani? Tumechukua mfumo wa hadithi yake, tukaondoa maumivu, tukaweka mahaba.

Kilichonivunja moyo, kisha kikanijenga, ni kisa cha Swema. Huyu alikuwa msichana wa Kiyao kweli, siyo wa kutunga. Alikisimulia kisa chake katika misheni ya Wakatoliki Unguja miaka ya 1860, padri akakiandika, kikachapishwa kwa Kifaransa huko Paris mwaka 1870. Mwanahistoria Edward Alpers alikirudia na kukichambua kwa Kiingereza mwaka 1983, na ni hicho Kiingereza nilichokisoma, kamusi ikiwa pembeni.

Hakianzi baharini. Kinaanza nyumbani. Baba amekufa, mama ni mjane katika mwaka wa njaa. Mama anakopa nafaka. Deni halilipiki. Mwenye deni anakuja, anamchukua binti, anamuuza kwa msafara uliokuwa unapita, kwa nguo. Kwa nguo, ndugu msomaji, vipande vya kitambaa. Na mama anafanya nini? Halii tu mlangoni kama mama zetu wa kwenye miswada. Anaomba achukuliwe na yeye. Anakubali kubeba pembe ya ndovu, mzigo wa mwanamume, ili awe nyuma ya mtoto wake. Anabeba mpaka nguvu zinamwisha. Anaachwa njiani. Swema anafikishwa Kilwa, anapakiwa kwenye jahazi, na Unguja wanamwona kama maiti. Wanamzungushia mkeka na kumfukia juu juu. Mpita njia anasikia sauti ardhini.

Nikisoma hapo najiuliza, mapenzi makubwa ya hadithi hii ni ya nani? Ni ya yule mama na ile pembe. Hakuna kapteni duniani anayeweza kushindana na mwanamke huyo. Tena naongeza jambo: kisa hiki nacho kina mwandishi aliyeshika kalamu kwa niaba ya mwingine. Sehemu za mwisho, binti anapokuja kumsamehe aliyemtesa, unasikia kabisa sauti ya padri anayehubiri Ulaya. Sehemu za mwanzo, za njaa na deni, hazihubiri. Ndizo ninazoziamini.

Deni hilohilo ndilo lango la riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikatoka 2022. Yusuf anatolewa rehani na baba yake. Amina anayempenda naye amefungwa na deni la kwao. Tunasubiri watoroke. Hawatoroki pamoja. Mwishoni Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, na hakuna anayeweza kuuita ule ukombozi. Nilipofunga kitabu nilikasirika, kama mtu aliyepunjwa dukani. Baada ya siku mbili nikaelewa nilichokuwa nakidai: nilikuwa namdai Gurnah kapteni.

Hapa narudi kwenye swali la bibi. Sisi wa Masasi na Newala, Wayao, Wamakua, Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Katika zama zile, njaa ikibana au kesi ikishindikana, mtu aliweza kutolewa rehani au kuuzwa na watu wa ukoo wake mwenyewe. Na misafara iliyopeleka watu Kilwa, mingi iliongozwa na Wayao. Wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanakaa kijiji kimoja, wanakwenda msiba mmoja. Haisemwi. Ndiyo maana kapteni wangu alikuja haraka hivyo, ukurasa wa kwanza tu: nilimwita aje anizibe mdomo kabla sijafika kwa mjomba.

Isitoshe, historia ya huku kwetu yenyewe inamkataa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipita Lindi na kundi la waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, akielekea Nyasa, wakaishia Masasi, wakajenga. Wale wanawake walikwisha kuvuka bahari mara mbili, ya utumwa na ya kurudi. Kwa kanuni za miswada yetu hadithi yao imekwisha: wako huru, wana waume, wana mashamba. Septemba 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, wakavamia Masasi, wakachoma, wakaua, wakateka watu wakaondoka nao. Mwaka uliofuata kituo kikuu cha misheni kikahamia Newala. Mwanamke aliyekamatwa siku ile alikuwa anatekwa kwa mara ya pili katika maisha yake, siku kadhaa za mguu kutoka baharini, mahali ambapo hakuna manowari inayoweza kufika. Huyo angewaza nini njiani? Kongwa la kwanza angelikumbuka vipi akilifananisha na la pili? Sijaona mswada hata mmoja juu yake. Wangu haukuwa juu yake pia.

Sisemi tusiandike mahaba. Napenda mahaba, na kapteni sijamfuta. Yumo kwenye kaunta buku ya pili, anasubiri. Lakini ya kwanza nimeianza upya, na mpaka leo nimefika ukurasa wa 40, Somoe bado hajaiona bahari. Mama yake anapima mtama aliokopa, kibaba kwa kibaba, na mjomba amekaa barazani anamtazama. Mjomba huyo nimempa tabia za mtu ninayempenda: mcheshi, mpole kwa watoto, fundi wa kusimulia. Bibi nimemsomea mpaka hapo. Safari hii hakuuliza kitu, alisema tu niendelee, korosho zimebaki nyingi.

Mwenye hoja tofauti aandike, hasa yule mwenzangu wa Binti Salme. Mswada wake ninao, nitaurudisha ukiwa na maoni pembeni.