Henry Miller na Wagiriki Waliotaka Kuondoka

Nilipomwonyesha dada yangu ratiba ya safari, aliniuliza swali moja tu: "Kilwa kwenyewe hujamaliza kuzunguka, unataka tulipe pesa zote hizi tukaone mawe ya Wagiriki?"

Tulikuwa mezani kwake, karatasi za maombi ya viza zimetapakaa: taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima ya safari. Ugiriki, siku kumi na mbili, mwezi Mei, kabla joto na bei havijapanda. Tumedunduliza miaka miwili. Sikuwa na jibu la maana, na mimi nikikosa jibu hukimbilia kitabu. Safari hii nilikimbilia The Colossus of Maroussi cha Henry Miller.

Miller, Mmarekani aliyekuwa akiishi Paris, alikwenda Ugiriki mwaka 1939 kwa mwaliko wa rafiki yake Lawrence Durrell, aliyekuwa na makazi Corfu. Vita vikaanza, na mwisho wa mwaka huohuo akalazimika kurudi kwao. Kitabu kikatoka 1941. Ndani yake amezunguka Athens, Poros, Hydra, Epidaurus, Mycenae, Krete, Delphi. Yaani karibu ratiba yangu nzima.

Kitabu ni kizuri, tena sana, lakini uzuri wake hauko pale wanapouonyesha wengi. Huyo jitu anayetajwa kwenye jina la kitabu si sanamu. Ni mtu, George Katsimbalis, mwanafasihi wa Maroussi, pembeni mwa Athens, na sifa yake kubwa ni kuongea. Anaanza kisa mezani, kisa kinazaa kisa kingine, chakula kinapoa, hakuna anayejali. Aliyewahi kukaa baraza moja na mzee anayejua kusimulia ataelewa mara moja. Hapo Miller ni msikilizaji, na akisikiliza anaandika kwa utulivu. Mshairi Giorgos Seferis naye yumo, miaka mingi kabla ya kupewa Nobeli mwaka 1963.

Shida inaanza Miller akiachwa peke yake na magofu. Hapo anageuka nabii. Kila jiwe linamfunulia siri ya ulimwengu, kila mwangaza wa jua unamzaa upya. Kurasa tatu za namna hiyo zinapendeza, ila ya kumi unaanza kupiga miayo. Ukurasa wake bora kuhusu magofu ni ule ambao anaogopa. Kule Mycenae kuna ngazi ya mawe inayoshuka gizani hadi kwenye hifadhi ya maji chini ya ngome. Yeye na Katsimbalis wanawasha viberiti, wanachungulia, wanaghairi. Hakuna unabii, ni mtu mzima na woga wake. Nikauamini ukurasa ule wote.

Mlinganishe na Pausanias, Mgiriki wa karne ya 2 aliyezunguka nchi hiyo chini ya utawala wa Warumi akaandika vitabu kumi. Yeye hazaliwi upya popote. Anakuambia lango liko wapi, kaburi la nani, wenyeji wanasemaje, na wapi haafikiani nao. Mwaka 1876 Heinrich Schliemann aliyashika maneno yake kuhusu makaburi yaliyo ndani ya kuta za Mycenae, akachimba, akakuta dhahabu. Pausanias anachosha kuliko Miller, nakiri, lakini ndiye anayekupa njia.

Lakini kilichonikwamisha hasa si mawe. Mara kwa mara Miller anakutana na Wagiriki waliowahi kuishi Marekani. Wanamwendea kwa furaha, wanaongea Kiingereza, wanasifu mishahara na mashine za kule, wanatamani kurudi. Naye wanamkera. Anawaambia kwao ndiko kuzuri, jua hili, bahari hii, umaskini huu wenye heshima. Anawaandika kama watu waliopofuka.

Nilimsomea dada sehemu hizo. Dada alifanya kazi Muscat miaka minne, akarudi, akajenga. Akacheka kidogo, kisha akasema: "Huyo Mgiriki ni mimi. Wageni wangapi wameniambia huku kwetu hakuna presha, nina bahati? Halafu wiki ikiisha wanapanda ndege."

Basi, hapo kitabu kikageuka mikononi mwangu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wagiriki kwa mamia ya maelfu walikwenda Marekani. Kisha sheria ya Marekani ya 1924 ikafunga mlango: mwanzoni nafasi 100 tu kwa mwaka kwa nchi nzima. Na nyumbani, tangu Agosti 1936, walikuwa chini ya udikteta wa Ioannis Metaxas. Ukimsoma Miller akiimba furaha ya nchi ile, ni rahisi kuyasahau yote hayo. Mwenye pasipoti inayofungua milango alikuwa akimhubiria mwenzake aliyefungiwa mlango kwamba nje hakuna kitu. Sisi wenye taarifa za benki za miezi sita mezani tunalisoma hubiri hilo kwa jicho jingine.

Je, nikitupe kitabu? Hapana. Kinakwenda nasi, kwa ajili ya Katsimbalis na kwa ajili ya ile ngazi. Ila kimenitia hofu juu yangu mwenyewe. Ugiriki ina visiwa zaidi ya 200 vinavyokaliwa na watu, na mimi nilikuwa nimepanga kuvila sita, kila kimoja na picha zake, huku nikimwonea wivu mvuvi ambaye sijamuuliza hata anaendeleaje. Huo ni u-Miller bila kipaji cha Miller.

Tumefuta vinne. Vimebaki Poros na Hydra, vyote safari fupi ya boti kutoka bandari ya Piraeus, na Hydra hakuna magari, kwa hiyo kutembea ni lazima. Mycenae imebaki, na nimenunua tochi endapo wataturuhusu kushuka. Dada ameomba jioni moja isiyo na gofu lolote, pale Piraeus, wanapokaa watu wa meli. Anasema huko hakosi mtu aliyewahi kufanya kazi ng'ambo, na wakikutana yeye atakuwa na la kuuliza.

Kwenye fomu, penye sababu ya safari, tumeandika utalii.