Karata, Ramli na Nyota: Nani Alizifunga Pamoja?

Mwanafunzi mmoja wa hapa Kasenga aliacha kurudilia masomo. "Mwalimu, nyota yangu ni Nge, na karata yake ni Kifo. Mtihani wa Leta nitaanguka tu."

Ndugu msomaji, tuchunguze. Karata za taroti zilitokea Italia katika karne ya 15, za kuchezea tu. Mwaka 1781, kule Paris, Court de Gébelin akaandika kwamba ni hekima ya Misri ya zamani. Kisha Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1888, kikagawia karata nyota. Ndipo Nge akapewa Kifo. Kumbe undugu wao ni wa juzi!

Ramli ya Waswahili ni ingine. Mistari 4, kila mmoja nukta moja ao mbili, inazaa maumbo 16. Yanapangwa katika nyumba, na 12 za kwanza zinalingana na za falaki. Hapo kuna hesabu ya kweli, na ninaiheshimu kama urithi. Lakini hesabu nzuri haijui kesho ya mtoto.

Nilimwambia: hata wenye karata wenyewe wanasoma Kifo kama mageuzi. Basi geuka, shika daftari.