Joto Mahali Pake

Asubuhi ya Julai huko Makete, sakitu ikiwa bado nyeupe majanini, dereva wa bodaboda hushika usukani kwa vidole vilivyokakamaa, na abiria aliye nyuma yake huchunga mguu usiguse ekzosi. Mmoja anaganda, mwingine anaogopa kuungua, na wote wako juu ya chombo kimoja. Ukitaka ushahidi, tazama mashavu ya miguu ya wateja wa bodaboda kuanzia Kampala hadi Songea: wengi wana kovu, na mara nyingi ni mguu wa kulia. Pikipiki haijawahi kupungukiwa na joto. Petroli ikiungua, nguvu inayofika kwenye gurudumu ni pungufu ya theluthi; sehemu kubwa ya iliyobaki hutokomea kupitia ekzosi na mapezi ya silinda. Joto lipo tele, ila halina mtu wa kulielekeza.

Kwetu dawa ya baridi ya mikono ni glavu, koti zito na vifuko vya turubai vinavyovalishwa usukani. Si dawa mbaya. Lakini katika nchi ambazo watu huenda kazini kwa skuta hata Januari, kuna ufundi mwingine ambao nimeupenda kuliko unavyostahili kupendwa, pengine: kufunga vishikio vya joto. Pikipiki kubwa, za BMW kwa mfano, unaweza kuzinunua zikiwa navyo kutoka kiwandani. Skuta ndogo ya siisii 125, ile ya wapeleka vyakula wa Leeds au Manchester, hungoja fundi.

Tuanze na mkono wenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 5 za Selsiasi na skuta ikienda kilomita 80 kwa saa, upepo huipoza ngozi kana kwamba hewa iko nyuzi 3 chini ya sifuri. Hapo mwili huamua pa kupeleka joto lake, na hauombi ushauri: hubana mishipa ya vidoleni, damu ikabaki kwa moyo na ini. Kwa mtu aliyepotea porini uamuzi huo una busara. Kwa mtu ambaye uhai wake unategemea vidole viwili juu ya mkono wa breki, ni uamuzi wa kumuua.

Kwa hiyo fundi anaingia kubishana na upepo na mwili kwa pamoja, na silaha yake ni waya mwembamba wenye ukinzani uliofichwa ndani ya mpira wa kishikio. Tuchukue seti ya volti 12 inayokula ampea 4 ikiwashwa hadi mwisho. Hizo ni wati 48, wati 24 kwa kila mkono. Ukirudi nyuma kwa hesabu, kila kishikio kina ukinzani wa omu 6. Umeme unapita kwa shida, na ile shida ndiyo joto.

Hapo ndipo kazi ya waya inapokuwa tamu kwangu. Mchukue yule fundi anayeunga waya kwa kuzisokota na kuzizungushia tepu nyeusi. Siku ya kwanza kila kitu kinawaka, mteja analipa, wanaagana vizuri. Mvua zinapita, kutu inaingia, na kile kiungo kinajipatia ukinzani wake, tuseme nusu omu. Piga hesabu: karibu wati 6 sasa zinazaliwa pale, chini ya plastiki, pasipo na mkono wa mtu, jirani na waya nyingine na mpira wa petroli. Mikono inapata pungufu, na skuta imeota kishikio cha tatu ambacho hakuna aliyekiagiza. Kwa umeme wenyewe, kiungo kibovu na kishikio kizuri ni kitu kimoja: vyote ni ukinzani. Mmoja umewekwa na mtu, mwingine umejiweka.

Ndiyo maana napenda kumtazama fundi anayebana kiungo kwa koleo lake maalumu, akakivuta kwa nguvu kuona kama kitachomoka, kisha akateremsha mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto hadi ukumbatie waya pande zote. Wako wanaoapa kwa lehemu. Sibishani nao kwenye redio, ambayo imekaa mezani kwa utulivu. Pikipiki hutetemeka mchana kutwa, na waya uliolehemiwa huwa mgumu hadi pale lehemu inapoishia; hapo ndipo hukatika.

Kisha kuna swali la chakula. Jenereta ya skuta ndogo imepimiwa taa, plagi na chaji ya betri, na ziada yake si kubwa. Vishikio ni mgeni anayekula kama taa kubwa na asiyekamata jembe hata siku ya tatu. Fundi mwenye adabu huweka mita kwenye betri kabla ya kufungua skrubu yoyote, akaungurumisha injini, akawasha taa zote, akasoma. Ikisoma volti 14 au karibu na hapo, nyumba ina uwezo. Ikihangaika kufika 13, mwenye skuta aambiwe mapema kwamba kwenye foleni atatumia kiwango cha chini. Wengi huliruka pimo hili kwa sababu halionekani kwenye kazi iliyokwisha.

Kuna wanaofunga moja kwa moja kwenye betri na kumwachia mteja jukumu la kukumbuka kuzima. Betri ya skuta ina kama ampea-saa 7. Kwa mlo wa ampea 4, saa mbili haifiki. Dawa yake ni rilei. Waya mwembamba kutoka taa ya nyuma, inayowaka funguo ikiwashwa, huiamsha rilei, na rilei hufungulia umeme mzito kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 5. Fyuzi hiyo ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati yao hakina mlinzi.

Vishikio vyenyewe havifanani. Cha kushoto hugundishwa juu ya bomba tupu la chuma, lenye unene wa milimita 22, na chuma hunywa joto kwa pupa. Cha kulia kimekaa juu ya mrija wa plastiki unaozungushwa kuvuta mafuta, na plastiki hulizuia joto lisikimbie. Ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji huupa upande wa kushoto wati zaidi: anayelipa ushuru mkubwa njiani apewe mtaji mkubwa.

Gundi sitaisemea sana. Paka, sukuma, geuza upesi kabla haijashika. Waya wa kulia ndio wa kuogopwa, kwa kuwa husafiri kila unapovuta mafuta. Uachiwe ulegevu wa kutosha, na kishikio kisigusane na kasha la swichi, ili mkono ukiachiwa urudi wenyewe. Injini ikiwa inanguruma taratibu, usukani uzungushwe hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda, kuna kitu kinavuta, kazi ifumuliwe. Joto zuri kwenye mkono wa mafuta usiorudi ni zawadi ya mauti.

Siku hizi seti nyingine huja na kisanduku chenye akili, kinachojizima betri ikishuka chini ya kiwango fulani, na vijana wananiambia rilei imekuwa pambo la wazee. Huenda ni kweli. Lakini kisanduku hicho husubiri betri ishuke ndipo kichukue hatua, na asubuhi ya baridi betri iliyoshuka kidogo ni betri isiyopiga stata. Bei ya rilei haifiki hata ya glavu. Mimi nitaendelea kuifunga.