Walimu wa Kiingereza na Chama Chao

Wako watu wadhanio ya kwamba chama cha walimu hupimwa kwa wingi wa majina yaliyoandikwa daftarini. Sisi tunacho kipimo kingine: twauliza, ni nani asikilizwaye anaposimama kusema? Kwa kipimo hiki twataka kukitazama chama kiitwacho TESOL, cha walimu wawafundishao Kiingereza watu wa lugha nyingine, pamoja na vitabu viwili vilivyoandikwa juu ya kazi hiyo.

Habari za mwanzo wake ni fupi. Vyama vitano vya wataalamu wa Marekani viliona ya kuwa mwalimu awafundishaye wageni hakuwa na kwao. Vikaitisha mkutano Tucson mwaka 1964, na mwingine San Diego mwaka 1965, hata mwaka 1966 chama kikazaliwa mjini New York. Mwaka 1967 jarida lake likaanza kutoka, na mwaka huo huo huko Uingereza Bwana W. R. Lee akaanzisha chama cha pili, kijulikanacho sasa kwa jina la IATEFL. Baadaye vyama vya nchi na majimbo mengi viliungana navyo, kila kimoja kikiwa na viongozi wake. Hapa hatuna la kulaumu, maana mwalimu akaaye peke yake hukauka kama mti usio na maji.

Walakini vyama hivi vilizaliwa katika nyumba iliyokuwa na desturi zake tayari. Mwezi wa Januari, 1961, wajumbe wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kushauriana namna ya kufundisha Kiingereza. Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism cha mwaka 1992, ameyakusanya mafundisho ya mkutano ule kuwa matano: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu, mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, mtoto akianza mapema ndivyo bora, kikifundishwa kwa wingi ndivyo bora, na lugha nyingine zikitumiwa sana, Kiingereza kitashuka. Yote matano, asema, ni makosa.

Twakubaliana naye, hasa katika lile la pili. Kiswahili chatosheka na neno “yeye” kwa mume na kwa mke, lakini Kiingereza chataka maneno mawili. Basi mtoto wetu hutaja mama yake kwa neno la kiume, na darasa zima hucheka. Aliyezaliwa na Kiingereza husahihisha kosa, asijue limetoka wapi. Mwalimu aliyejikwaa hapo hapo utotoni hulijua jiwe lenyewe, naye aweza kuwaonya watoto kabla hawajafika. Kusema ya kwamba huyu wa pili ni mwalimu wa daraja la chini kwa sababu ya ulimi wa mama yake ni kuudharau ualimu.

Tena Phillipson alipata kuitumikia British Council, na kitabu chake kilipigwa chapa na Oxford, nyumba ipatayo faida si haba kwa vitabu vya Kiingereza. Twamsifu kwa kusema alivyoyaona, na wachapaji kwa kutomzuia.

Lakini kitabu kina upungufu. Asomaye aweza kudhani ya kuwa walimu wa Afrika na Asia ni mabomba tu, yapitishayo maji ya mtu mwingine. Wakubwa waamua, fedha zatolewa, vitabu vyasafirishwa. Mwalimu aliye mbele ya ubao hasikiki sana. Je, hana akili ya kuchagua na kukataa?

Jibu la swali hilo lilitoka Sri Lanka. Suresh Canagarajah, Mtamil aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Jaffna wakati wa vita, aliandika kitabu mwaka 1999, naye alifanya jambo dogo lenye maana kubwa: aliyachungua yale ambayo wanafunzi waliyaandika pembezoni mwa vitabu vyao vya Kiingereza vilivyotoka Marekani. Akakuta michoro na maneno ya mapenzi, ya senema na ya vita ile. Vijana walikuwa wakijibizana na kitabu kimya kimya, na mwalimu hana habari. Kwetu sisi ukurasa huo wapita hoja nyingi za Phillipson. Katika kitabu kingine cha mwaka 2002 aeleza jinsi ilivyokuwa shida kwa wenzake hata kupata karatasi za namna iliyotakiwa na majarida ya ng'ambo. Mtu aweza kunyamazishwa kwa kukosa karatasi!

Chama nacho kilibadilika, ila polepole. Mwaka 1991 kilitoa tamko la kupinga walimu kunyimwa kazi kwa sababu Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mwaka 1998 walimu wa namna hiyo wakajifanyia baraza lao ndani yake. Mwaka 2006 Jun Liu, mzaliwa wa China, akawa rais, wa kwanza ambaye hakuzaliwa na Kiingereza. Ni miaka 40 tangu kuanzishwa. Canagarajah naye alipata kuwa mhariri wa jarida lile lile la chama. Twafurahi, lakini twasema wazi ya kuwa miaka 40 ni mingi mno, kwa chama ambacho kazi yake yenyewe ni watu wa lugha nyingine. Na tamko si ajira: katika nchi nyingi matangazo ya kazi yameendelea kumtaka “mwenye lugha”.

Na Canagarajah tumlaumu kwa jambo moja. Kiingereza chake ni kizito, cha wataalamu kwa wataalamu, na yule mwalimu anayemtetea atachoka kabla ya sura ya pili. Laiti mtu angezifasiri kwa Kiswahili chepesi zile kurasa za michoro ya pembezoni, kisha walimu wetu wafunue madaftari ya watoto wao na kutazama.