Dipstiki Iliyoondolewa

Katika maamuzi yote yaliyopitishwa na wahandisi wa Munich walipokuwa wakiiunda BMW X5 ya kizazi cha pili, ile E70 iliyotoka kiwandani tangu mwaka 2006 hadi 2013, liko moja ambalo kila nilitafakaripo naliona kuwa ni kosa bayana, nalo ni kuifunga giaboksi pasina dipstiki, kisha kumwambia mnunuzi kwamba mafuta yaliyomo ndani yake ni ya maisha. Umri wa gari hili la fahari, ambao ungaliweza kufika miaka 20 bila taabu kubwa, ulikatwa kwa neno hilo moja kabla gari halijapakiwa merikebuni.

Giaboksi ya E70 za mwanzo, ile 6HP ya gia 6, haikuundwa na BMW, imeundwa na ZF wa Friedrichshafen. Na ZF hao hao huagiza mafuta yabadilishwe baina ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila baada ya miaka 8. Basi aliyeiunda giaboksi anasema hivi, na aliyeinunua akaitia garini mwake anasema vingine. Na mwenye gari, ambaye hana elimu ya jambo hilo wala hapaswi kuwa nayo, humsadiki yule ambaye nembo yake imebandikwa kwenye boneti. Ni maisha ya nani, basi, yaliyokusudiwa? Mimi nasema ni maisha ya mnunuzi wa kwanza, yule wa Ulaya au Japani anayelichukua gari jipya na kuliachia baada ya miaka mitatu au minne, ambaye huona gharama za matunzo ni haba, ilhali gharama yenyewe ipo vilevile, ila zamu ya kuilipa imesogezwa kwa mtu ambaye hakuwapo siku ya mapatano.

Mafuta ya giaboksi hayawezi kudumu milele, kwa kuwa kazi yake haiishii kwenye kulainisha: ndiyo yanayozisukuma klachi, ndiyo yanayoipoza giaboksi nzima, na ndiyo yanayopita katika vitundu vyembamba vya mekatroniki ambavyo chembe ndogo tu yatosha kuvikwaza. Katika 6HP, klachi ya tokikonveta huachwa iteleze kwa kipimo ili safari iwe laini na petroli isipotee bure, na kila itelezapo hutoa vumbi, na vumbi hilo halina pa kwenda ila ndani ya mafuta yale yale. Dipstiki ingalimwonyesha mwenye gari hali hiyo kwa kitambaa cheupe na nusu dakika.

Hapa kwetu dhara ni kubwa zaidi, na sababu ni ya hesabu tu. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na aghalabu gari linaloteremshwa Kilindini kutoka Japani lina miaka saba. Yaani muda uliotajwa na ZF unakaribia kukamilika mara tu gari linapofika yadi, linapong'arishwa dashibodi na kupakwa nta. Mnunuzi anahesabu mwaka wa kwanza, giaboksi inahesabu wa nane, kisha linapelekwa kupanda kutoka pwani hadi Nairobi, kilomita zipatazo 480, nyuma ya malori, katika joto la Maungu na Mtito Andei.

Mwaka juzi nilikuwapo katika gereji moja mjini Mombasa jirani yangu alipoileta krosova yake, ya chapa ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikipiga teke kila inapokaribia kusimama. Fundi alipolegeza bolti ya sampu, mafuta ambayo yakiwa mapya huwa na rangi ya asali yalitoka meusi kama wino wa ngisi, yana harufu ya klachi iliyoungua, na sumaku za ndani zilikuwa zimevaa uji mzito wa chuma. "Mzee, haya yangalitolewa zamani," alisema kwa upole, wala jirani yangu hakuwa na la kumjibu, maana kitabu cha sevisi alikuwa nacho mkononi na humo hapakuwa na agizo lolote. Sampu ilikuwa ya plastiki, na filta imejengwa ndani yake, hata ikabidi inunuliwe nzima. Kisha kujaza: gari liinuliwe likae sawasawa, injini iwake, kompyuta isome joto la mafuta mpaka lifike kipimo, na mafuta yatiwe kwa pampu hadi yaanze kutona kwenye tundu. Kazi iliyokuwa ya kila dereva imekuwa ya mwenye vifaa.

Sikatai kwamba E70 ina mazuri yake: injini ya N52 ya silinda 6 ni kazi njema, na bodi haili kutu kwa urahisi.

Lakini pampu ya maji ya umeme siipendi, wala sikuipenda tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hufa ghafla pale ambapo pampu ya mkanda hulia kwanza ikamwonya mwenyewe. Na gari lenye uzito ule kutembezwa bila tairi la akiba, eti matairi yake huweza kwenda yakiwa hayana upepo, ni jambo nililolikataa kwa maandishi zaidi ya mara moja, na leo nalikataa tena.

Walinganishe wahandisi hao wa BMW na waliotangulia. Mercedes W123 na Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, zilimdhania mwenye gari kuwa ni mtu wa kukaa nalo. Hata Toyota Harrier ya mwaka 1997, ambayo ndiyo mama wa krosova za anasa, ilikuwa na dhana hiyo. Na kwa insafu niseme kwamba injini yake ya V6 ilijulikana kwa kufanya tope ikicheleweshewa oili, na kwamba Toyota wenyewe baadaye waliziondoa dipstiki za giaboksi katika magari yao mengi.

Kwa makadirio yangu, E70 inayobadilishiwa mafuta ya giaboksi kila kilomita 80,000 yafaa itarajiwe kufika 300,000. Iliyoachiwa yale ya maisha nasita kuipa zaidi ya 180,000. Kuna Harrier moja ya 1998 mtaani Tudor ambayo bado yavuka daraja la Nyali kila asubuhi. Juma lililopita niliivuta dipstiki ya giaboksi yake kwa mkono wangu, nikaipangusa, nikaitumbukiza tena: mafuta mekundu, yamefika alama ya juu, hayana harufu.