Kitabu cha Gide juu ya Mfungwa wa Poitiers

Vijana wetu waliosoma kifaransa hutuuliza mara kwa mara: Je, Mkristu aweza kusoma vitabu vya André Gide? Swali lao lina sababu. Bwana huyu alipata zawadi ya Nobel mwaka 1947, akafa mwaka 1951, na mwaka 1952 Roma iliviandika vitabu vyake vyote katika Orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Orodha hiyo haina tena nguvu ya sheria tangu mwaka 1966, lakini dhamiri ya msomaji haikufutwa pamoja nayo. Basi leo twataka kusema juu ya kimoja tu, kitabu kifupi kilichotoka Paris mwaka 1930. Jina lake ni La Séquestrée de Poitiers, maana yake, mwanamke wa Poitiers aliyefungiwa. Gide hakuitunga habari hiyo. Aliikuta katika maandiko ya tribunali.

Poitiers ni mji wa Ufaransa wenye makanisa mengi ya kale. Palikuwa na jamaa moja, jina lao Monnier, watu wa heshima na wa sala, wakikaa katika njia ya Visitation. Jina hilo lakumbusha siku ile Bikira Maria alipokwenda kumtembelea Elizabeti. Baba wa nyumba alikuwa mkubwa wa walimu wa fasihi katika chuo kikuu. Naye kijana wake, Marcel, alikuwa amesoma sheria na kushika kazi ya serikali. Mwezi wa Mei 1901, baba akiwa amekwisha kufa zamani, barua isiyo na jina ilimfikia mkuu wa mashtaka. Tarehe 23 polisi walipanda ghorofani. Dirisha la chumba lilifungwa kwa mnyororo na kufuli, na harufu iliwashinda. Walipopata mwanga kidogo walimwona mwanamke aliye uchi, amelala juu ya godoro lililooza, kati ya uchafu wake, mabaki ya vyakula na wadudu. Alikuwa Blanche, binti wa nyumba ile. Umri wake miaka 52; uzito wake kilo 25 hivi. Alikuwa amekaa humo kama miaka 25.

Mama yake alikamatwa, akafa tarehe 8 Juni, siku 16 tu baada ya mlango kufunguliwa.

Magazeti ya siku zile yaliruka juu ya habari hii kama nzi juu ya kidonda. Picha ya maskini huyo ilichapwa, ikauzwa. Mpaka leo wako waandishi wanaoisimulia kama hadithi ya mapenzi: eti binti alitaka kuolewa na avoka, mama akakataa, akamfungia. Hadithi hiyo ni tamu kwa msomaji, maana yampa mama mbaya na binti mzuri, na basi, mambo yamekwisha. Gide hakuishika njia hiyo, nasi twamsifu kwa hayo. Aliwaficha wenyewe kwa majina mengine (katika kitabu Blanche aitwa Mélanie Bastian), akaweka mbele yetu maneno ya polisi, ya waganga, ya watumishi, ya waamuzi, naye mwenyewe akanyamaza karibu kabisa. Hapo twamwona msichana aliyeanza kuugua akili angali kijana, na wazazi walioona haya kumpeleka katika nyumba ya wagonjwa. Haya ile ndiyo iliyofunga mlango. Kisha mwaka ukafuata mwaka.

Sehemu iliyonishika kuliko zote ni ya watumishi. Mmoja, mzee, alimtunza Blanche miaka mingi, akafa mwaka 1896. Baadaye walikuja wasichana wengine, wakaenda, wakaja wengine. Walimjua aliye juu. Walimsikia akilia, hata nje kelele zake zilisikika. Kila mmoja alisema moyoni kwamba mambo haya ni ya mabwana wa nyumba. Marcel naye alikaa ng’ambo ya njia ileile, akaja kumwamkia mama yake na kuingia chumbani. Kwa kujitetea ilisemwa kwamba macho yake ni dhaifu, na pua yake haisikii harufu. Msomaji atataka kucheka hapo, kisha ataona haya.

Tribunali ilimhukumu Marcel kifungo cha miezi 15, tarehe 11 Oktoba 1901. Akaomba hukumu ya pili, na tarehe 20 Novemba aliachwa huru. Waamuzi hawakusema kwamba alitenda vema. Walisema kwamba hakupiga, hakutumia nguvu, na sheria ya wakati ule ilimwadhibu mtu kwa tendo alilolitenda. Yule aliyeacha tu kutenda haikumgusa. Ilibidi kungoja mwaka 1941, kisha 1945, ndipo sheria ya Ufaransa ikasema wazi kwamba kumwacha mtu hatarini bila kumsaidia ni kosa. Wala tusiwacheke wanasheria. Sisi wenyewe, katika sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa, tulikuwa tukitaja mawazo, maneno na matendo. Dhambi ya kuacha wajibu imetajwa humo tangu Misale ya mwaka 1970.

Sasa nafika penye ugomvi wangu na Gide. Kitabu hiki alikitia katika mfululizo wa vitabu alioupa jina Ne jugez pas, yaani Msihukumu. Neno hilo amelichukua katika Injili ya Mateo. Najua alikolipatia hamu yake. Mwaka 1912 alikaa Rouen pamoja na raia wengine walioitwa kusaidia waamuzi, akaona jinsi ilivyo vigumu kupima moyo wa mtu kwa saa chache. Hayo ni kweli, na kila padri aliyekaa katika kiti cha maungamo atamwunga mkono. Lakini katika nyumba ya Monnier, je, ni nani aliyekosa kwa kuhukumu? Watu wote wa njia ile walikuwa wakishika amri ya Gide. Hakuna aliyemhukumu mama. Na Bwana wetu, katika sura ileile, ataka tuitoe boriti katika jicho letu ili tuone vema. Hataki tufumbe macho yote mawili. Gide amelishika nusu ya neno.

Tena yeye mwenyewe alijua zaidi ya hayo. Mwaka 1925 alikuja huku kwetu, akapita katika nchi za Waafransa ng’ambo ya mto wa Kongo na Ubangi. Mahali paitwapo Bambio alipata habari za wakata mpira ambao hawakuleta mzigo wa kutosha, wakazungushwa juani kutwa wakibeba miti mizito, hata mmoja akafa. Hapo hakusema tusihukumu. Aliandika, akawapelekea wakubwa, akachapa kitabu Voyage au Congo mwaka 1927, na kampuni zikamkasirikia. Kwa nini basi, miaka mitatu baadaye, mbele ya Blanche, anakunja mikono? Nadhani tabia za ajabu za kaka yake zilimvuta sana. Kadiri kitabu kinavyokwenda, Marcel anajaza kurasa, na dada yake anapungua.

Na ndiyo hasara kubwa, kwa kuwa kurasa za Blanche hospitalini ni nzuri sana. Wanamwosha, wanamlisha kidogo kidogo, anafurahia maua na hewa safi. Akili yake haikurudi. Alikufa mwaka 1913 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Blois. Hizo ndizo kurasa ningependa zisomwe na kila jamaa ambayo ina mtoto kiwete au mgonjwa wa akili asiyeonyeshwa kwa wageni. Nazo jamaa hizo, ndugu msomaji, hazikai Poitiers peke yake. Nimebisha hodi katika nyumba kadhaa nikapewa kiti uani, na mlango mmoja ukarudishwa upesi.

Basi kwa wale waliouliza: ndiyo, kisomeni, lakini si kwa watoto, na si usiku. Msikitafute kwa ajili ya uchafu wa chumba. Umeelezwa katika kurasa chache, na aliyekifungua kwa ajili yake atachoka upesi. Mkifika penye barua ile isiyo na jina, isomeni mara mbili. Ni fupi. Mpaka leo haijulikani kwa hakika ni nani aliyeiandika, wala kama alikuwa mtu wa sala.