Kuhama Bila Kuhamia: Tahakiki ya Filamu ya Utvandrarna

Anayetaka kulifasiri jina la filamu ya Jan Troell, Utvandrarna (1971), hulazimika kuchagua mapema: wahamaji au wahamiaji? Hama hutazama mahali panapoachwa. Hamia, kwa kauli ya kutendea, hudai mahali paendwapo. Muhtasari uliozoeleka, kwamba hawa ni Waswidi wanaotafuta maisha mapya Marekani, umekwisha kuchagua hamia. Nadai kuwa filamu yenyewe imeegemea hama.

Jina la Kiswidi linaanza na ut, yaani nje. Vilhelm Moberg, ambaye riwaya yake ya 1949 ndiyo chimbuko la filamu, aliiita riwaya iliyofuata (1952) Invandrarna, “wanaoingia”. Troell hakulichukua jina hilo. Filamu yake ya pili ni Nybyggarna (1972), walowezi.

Zaidi ya nusu ya filamu hupita kabla ya Marekani kuonekana. Tunakaa Småland, katika shamba lenye mawe kuliko udongo. Jiwe ndilo linalomlemaza baba yake Karl Oskar. Hoja za Karl Oskar kuhusu ardhi nono hazimshawishi Kristina. Anakubali baada ya Anna, binti yao, kufa kwa kula uji wa shayiri kupita kiasi kutokana na njaa. Kristina, basi, hana aendako, ana anachokikimbia. Liv Ullmann anauigiza ukweli huu kwa uso zaidi kuliko kwa maneno, na hata melini macho yake hayaelekei mbele. Mwenye hamia ni Robert, anayejifunza Kiingereza kitabuni, naye sikio lake limeharibiwa na kofi la mwajiri. Lugha ya nchi mpya imekabidhiwa kwa asiyesikia vyema! Sijui kejeli iliyo tulivu zaidi katika filamu za aina hii.

Mwisho ndio unaonitatiza. Karl Oskar anaketi chini ya mti kando ya ziwa Ki Chi Saga, na ghafla pana kuhamia, tena mahali panapoonekana patupu. Jina la ziwa hilo ni la Waojibwe, na ardhi ilitwaliwa kwa mkataba wa 1837. Nybyggarna inajaribu kurekebisha kwa kuonyesha vita vya Wadakota vya 1862 na kunyongwa kwa wanaume 38 huko Mankato, lakini hatujawafuata Wadakota hao tangu mashambani kwao kama tulivyomfuata Kristina. Kauli ya tatu ya kitenzi, hamisha, Troell hakuipa sarufi: mwaka 1863 Bunge la Marekani liliamuru Wadakota waondolewe Minnesota.